Matairi ya Kijiji Kizima

"Fundi yuko wapi, dada?"

Swali hilo ndilo lililomfungulia Iskra siku, kama lilivyomfungulia jana na juzi, na kila asubuhi tangu majira ya baridi alipopewa uenyekiti wa ukaguzi. Alikuwa amevaa ovaroli. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko. Kifuani alikuwa na kitambulisho chenye picha na jina lake, na mkononi alishika spana. Mtu alitaka kuona nini zaidi ya hapo? Masharubu?

"Fundi ni mimi," alisema.

"Acha utani, bwana. Nasema fundi mwenyewe. Mzee Gencho."

Aliyekuwa akiuliza ni Tsanko, mtu wa kijijini kwao Iskra, aliyemjua tangu akiwa na meno ya utotoni. Alijua wazi kuwa Iskra amesomea uhandisi wa magari, maana kijiji kizima kilikula na kunywa siku ya mahafali yake. Lakini kula ni kula, na gari ni gari.

Kituo chenyewe kilikuwa banda refu la bati pembeni mwa mji, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea mlima wa Petrohan. Kila gari lilipaswa kupita mahali kama hapo mara moja kwa mwaka, lipimwe breki, litazamwe juu na chini, na likifaulu libandikwe stika kiooni. Bila stika, polisi wa kwanza tu anakuteremsha. Kwa hiyo watu walikuja wapende wasipende, na wengi hawakupenda. Wakimkuta mwanamke kwenye shimo la kukagulia magari, kutopenda kwao kulikuwa kumepata pa kutua.

Sheria ilitaka wakaguzi wawili, mwenyekiti na msaidizi wake. Kwa miaka mingi mwenyekiti alikuwa Gencho. Kisha kanuni zikabadilika, mwenyekiti akatakiwa awe na shahada. Gencho hakuwa nayo, Iskra alikuwa nayo, basi wakabadilishana viti. Gencho mwenyewe hakununa hata kidogo. Alikuwa mzee mpole, hesabu zake zote zilikuwa kwenye pensheni na mizinga yake ya nyuki. Walionuna ni wateja.

Ndipo wawili hao walipojitungia utaratibu ambao haufundishwi chuo chochote. Iskra alishuka shimoni, akalikagua gari, akaona ubovu. Kisha alipanda juu, akafuta mikono, akamsogelea Gencho na kumnong'oneza. Gencho alikohoa, akakunja mikono kifuani, akatangaza kwa sauti nzito: "Boli joint ya kulia imekwisha, bwana. Kabadilishe." Na mteja akaitikia, "Ahsante, fundi, Mungu akuweke." Maneno hayohayo yakitoka kwa Iskra, mteja alitaka kwanza ampigie simu shemeji yake anayejua magari.

Iskra aliuchukia utaratibu huo kuliko alivyochukia kutu. Lakini foleni ilisogea, na magari mabovu yalirudi gereji badala ya kupanda mlima. Kila akinong'ona alijiambia kuwa hilo ndilo la muhimu. Kila akijiambia hivyo alizidi kukasirika.

Asubuhi ile, kabla hata ya Tsanko kufika, mwenye kituo alimwita kando. Aliitwa Plamen, mtu wa viatu safi, asiyeweza kutofautisha pampu na plagi.

"Wateja wananikimbia, Iskra. Wanakwenda kwenye kituo cha ng'ambo ya mto. Wanasema unawatafutia makosa."

"Kutafuta makosa ndiyo kazi, Plamen. Ndiyo maana ya ukaguzi."

"Basi tabasamu unapoyatafuta." Akatazama viatu vyake. "Sikiliza. Mpwa wangu amemaliza chuo. Mambo yakiendelea hivi, Jumatatu anashika uenyekiti yeye, na wewe unakaa dirishani unapokea makaratasi. Una sauti nzuri ya dirishani."

Iskra alitia spana mfukoni, akarudi shimoni. Angejibu, angejibu kwa spana.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, Gencho alikuwa ameamka mgongo umemkamata. Alikuja kazini hivyohivyo, kwa sababu sheria ilitaka wawili, lakini alikuja kukaa. Aliketi kitini karibu na hita, amejifunga kiunoni ule mkanda wa manyoya ya ngamia ambao kila mzee wa huko anauamini kuliko daktari. Taa za shimoni nazo zilikuwa zimeungua tangu wiki iliyopita, na Plamen alikuwa bado anafikiria kununua nyingine. Kwa hiyo Iskra alikuwa peke yake shimoni, na taa ya mkono.

Tsanko aliyaona yote hayo wakati gari lake likikaguliwa. Alimwona Gencho kitini, akamwona Iskra akipanda na kushuka peke yake, na uso wake ukachangamka. Gari lake halikuwa na neno. Breki nzuri, matairi mapya yenye meno marefu. Iskra alimbandikia stika.

"Leo uko peke yako, eh, mrembo?" Tsanko alisema.

"Niko na mzee Gencho."

"Naona," Tsanko alicheka, akatoka nje huku akitoa simu mfukoni.

Haukupita muda foleni ikajaa, na yote yalikuwa magari ya kijijini. Yalifanana kama sare za shule, kwa sababu yote yaliletwa na Tsanko kutoka Ujerumani, aina ileile, yaleyale ya kijivu. Iskra alikagua la mwalimu mstaafu wa michezo. Gari lilikuwa na kelele kidogo, lakini breki zilikuwa sawa na matairi yalikuwa mazuri ajabu kwa mtu mwenye mkono mgumu kama yule. Alimbandikia stika, akaita gari linalofuata, na kwa sababu asiyoielewa ikambidi alingoje karibu nusu saa.

Gari lililofuata lilikuwa la baba yake.

Boyan hakuwa amemwambia kuwa atakuja. Aliingiza gari lake polepole, akateremsha kioo, akamtazama binti yake, kisha akatazama nyuma yake. "Gencho!" aliita. "Njoo bwana, unikague!"

"Mgongo, Boyan," Gencho alijibu kutoka kitini.

"Nakukagua mimi, baba," Iskra alisema.

"Haya, haya. Fanya fanya haraka, watu wanangoja."

Hapo inafaa ijulikane kwamba Boyan alikuwa fundi wa matrekta maisha yake yote, na kila kitu Iskra alichokijua kabla ya chuo alikijulia chini ya magari ya baba yake. Hakufundishwa. Kaka yake ndiye aliyepewa spana. Yeye alipewa taa. "Shika taa, usiguse," ndiyo sentensi aliyoisikia zaidi utotoni mwake. Akashika taa miaka yote hiyo, mwanga ukiangukia palepale mikono ya baba ilipo, na macho yake yakawa hapohapo. Kaka yake sasa alikuwa kinyozi Uhispania. Boyan bado alikuwa akiwaambia watu kwamba kijana wake alikuwa na kipaji cha magari, basi tu.

Iskra alimwelekeza apandishe magurudumu ya mbele juu ya rola, yale mapipa ya chuma sakafuni, mwanzoni mwa shimo, yanayoyazungusha magurudumu wakati breki zinapopimwa. "Simama. Sasa kanyaga breki." Gurudumu la kushoto lilishika. La kulia lilivuta kidogo, likakata tamaa. Mshale wa kipimo haukufika hata nusu.

Akashuka shimoni na taa yake. Mpira wa breki wa kulia ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa soksi, na ulikuwa umelowa mafuta ya breki. Akasogeza taa kwenye tairi, na hapo mkono wake ukasita. Ubavuni mwa tairi, upande wa ndani, kulikuwa na doa la rangi ya buluu. Buluu ya geti la Tsanko. Doa hilohilo alikuwa ameliona chini ya gari la mwalimu bila kulijali, na kabla ya hapo chini ya gari la Tsanko mwenyewe.

Alipanda juu, akafungua mlango wa nyuma wa banda, akachungulia. Nyuma ya duka la mikate lililofungwa, magurudumu manne ya baba yake yalikuwa yamelala kwenye nyasi, matairi vipara, moja likiwa limetokeza nyuzi zake za chuma. Pembeni, gari la kijivu lilikuwa tayari juu ya matofali bila gurudumu hata moja, na mwenyewe ameketi juu ya jeki akila banitsa, andazi lao la jibini, akingoja zamu yake ya kuvishwa.

Hila yenyewe haikuwa ngeni. Watu wa huko huazimana kizimamoto, huazimana sanduku la huduma ya kwanza, huazimana hata baba wa ubatizo. Seti moja ya matairi mazuri ilikuwa imetembea kijijini miaka mingi, na Iskra aliwahi kuhisi hivyo. Lakini Gencho alipokuwa akikagua, waliyazungusha kwa adabu, mmoja wiki hii, mwingine mwezi ujao. Kwake yeye waliyaleta yote siku moja, foleni moja, moto wa barabara haujapoa. Hicho ndicho kilichompanda kichwani. Wangemheshimu hata kidogo, wangemdanganya kwa uangalifu zaidi.

Na lile gari lilikuwa la safari ya Ijumaa. Ijumaa Boyan alikuwa anawapeleka wajukuu kwa dada yake upande wa pili wa Petrohan, kwa ajili ya Pasaka. Wajukuu watatu, na mmoja wao alikuwa Neda, binti wa Iskra. Jumapili iliyopita Iskra aliyaona yale matairi vipara uani kwa baba yake, akamwambia ayabadilishe. "Nitamuuliza Gencho," Boyan alikuwa amejibu, akiendelea kumenya yai.

Iskra alifunga mlango wa nyuma, akarudi. Gencho alimwona anavyotembea, akajiinua kidogo kitini na kuanza kusafisha koo. "Nipe," alisema chini kwa chini, akimtegea sikio. "Nini? Breki?"

Ilikuwa rahisi mno. Angeinama, angenong'ona, Gencho angekohoa, na Boyan angekwenda gereji leoleo. Watoto wangevuka mlima salama. Na Jumatatu mpwa wa Plamen angekaa mwenyekiti, na kwa nini asikae, ikiwa kwa muda wote huu mwenyekiti alikuwa ni mdomo wa Gencho?

Iskra alimpita Gencho. Akaenda kusimama kwenye dirisha la baba yake.

"Baba, gari hili silipitishi. Mpira wa breki wa kulia unavuja. Na matairi haya si yako. Yako yako nyuma ya duka la mikate."

Boyan aligeuka mwekundu kuanzia shingoni. Watu wa foleni walikuwa wameshasogea mlangoni kusikiliza.

"Usinifanyie hivi mbele za watu, Iskra."

"Sikufanyii kitu. Nakwambia gari lako lina nini."

"Nimetengeneza magari kabla hujazaliwa! Mwambie Gencho aje aangalie."

"Gencho haji. Nimeangalia mimi."

"Basi nakwenda kule ng'ambo ya mto, kwa watu wazima." Akawasha gari, akatia gia, akakanyaga mafuta.

Sasa, rola zile zilikuwa za zamani. Gari likishaingiza magurudumu yanayolisukuma, halitoki mpaka mwenye mashine ageuze swichi na kuzifunga zisizunguke. Asipogeuza, magurudumu yanazunguka, rola zinazunguka, na gari linabaki palepale. Swichi ilikuwa ukutani. Iskra alirudi nyuma hatua mbili, akasimama mbele yake, mikono nyuma.

Boyan alikanyaga. Gari lilinguruma, moshi ukajaa bandani, matairi mazuri ya kijiji kizima yakazunguka kwa kasi ya barabara kuu, na baba wa watu hakusogea hata unyoya. Mtu mmoja mlangoni akapasuka kicheko. Boyan akakanyaga zaidi.

"Mzee anakwenda Sofia huyo!" mwingine alipiga kelele. "Utusalimie bunge!"

Plamen alitoka ofisini mbio. "Kuna nini hapa? Iskra, mtoe mteja!"

"Niambie nimpitishe, Plamen," Iskra alisema. "Sema kwa sauti, wakusikie." Akanyoosha kidole juu kwenye kamera iliyoning'inia juu ya shimo, ile inayorusha kila ukaguzi moja kwa moja hadi kwa wakubwa wa usafiri.

Plamen aliitazama kamera. Akarekebisha kola ya shati, akakumbuka ana simu ya kupiga, akarudi ofisini.

Aliyefuata kuelewa mambo alikuwa Tsanko. Alikuwa akicheka na wenzake, kisha kicheko kikamkwama. "Jamani," alisema, "matairi yetu yako mle."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja gari lake lilikuwa juu ya matofali. Wengine walikuwa wamekuja na vipara vyao wakijua watavishwa hapa. Ng'ambo ya mto hawakuweza kwenda, kwa maana kule wangepeleka nini?

"Iskra, mwanangu," Tsanko alisema, amevua kofia, "tufungulie baba yako. Sisi ni watu wa nyumba moja."

"Asubuhi ulikuwa unamtafuta fundi," Iskra alimjibu. "Umempata?"

"Dada yangu, yale yalikuwa maneno ya mdomo tu."

"Boyan!" walimpigia kelele wengine. "Mwombe binti yako, bwana! Utatukalisha hapa mpaka Pasaka!"

Boyan alizima gari. Ndani ya kile kimya, alisikika akihema. Hakumtazama Iskra. Alitoa kichwa dirishani, akageukia hita.

"Gencho," alisema. "Eti ni kweli?"

Baada ya yote yale, bado alimuuliza Gencho. Iskra alihisi machozi ya hasira yakimchoma, akayameza. Gencho alimtazama yeye, kisha akatazama sakafu, na watu wote wakanyamaza kumngojea akohoe.

"Sijui, Boyan," Gencho alisema. "Mimi sijaangalia. Aliyeangalia ni yeye." Akakaza mkanda wake wa ngamia. "Na hata ule wakati mwingine wote ninapowasomea hukumu zenu, anayeangalia ni yeye."

Mtu angetegemea Iskra afurahi. Hakufurahi. Ilimuuma kwamba hata hilo lilihitaji kusemwa na Gencho ndipo lisikike, na watu walikuwa wakitikisa vichwa taratibu, wakiliamini kwa sababu amelisema yeye.

"Shuka, baba," alisema. "Shuka kwenye gari."

"Niende wapi?"

"Shimoni. Uje ushike taa."

Boyan alisimama pale akiwa ameshika mlango wa gari. Labda alikumbuka, labda hakukumbuka. Watu kama yeye husahau walichosema kwa sababu hakikuwauma wao. Lakini foleni nzima ilikuwa ikimtazama, na gari lake lilikuwa haliendi kokote, basi akateremka ngazi za shimo mgongo umepinda, akipumua kwa pua. Iskra alimpa taa.

"Hapa. Nyoosha mkono. Usiguse."

Mwanga ulitulia chini ya gurudumu la kulia. Mpira wa breki ulikuwa pale na nyufa zake zote. Tone la mafuta lilikuwa likijikusanya kwenye ncha yake, likanenepa, likadondoka kwenye kiatu cha Boyan. Aliangalia lile tone, akaangalia lilikotoka. Alikuwa fundi wa miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa breki ile ingefanya nini kwenye kona za Petrohan, gari limejaa watoto.

"Mama yangu," alisema polepole.

Kisha akapaza sauti, kichwa kimeelekea juu kwenye mwanga wa banda: "Gencho! Njoo uone nilichokikuta huku!"

Iskra alimnyang'anya taa, akaizima.

Shimo likawa giza. Hapo juu watu walikuwa wakiulizana kuna nini. Iskra alikuwa ameshika taa ile ya moto kifuani. Alichoka. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Iskra," baba yake alisema gizani. "Washa."

Hakuwasha.

"Washa, mama, sioni kitu."

"Ulikuwa unaona sasa hivi. Umeona nini?"

Boyan alisikika akipapasa ukuta wa shimo, akagonga bomba, akatulia. Tone jingine lilidondoka mahali fulani kati yao. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini, na kwa vile hakukuwa na Gencho wala Tsanko wala uso wowote wa kutazama, haikuwa na mtu mwingine wa kuelekea.

"Nini kingine ulichokiona?" aliuliza. "Niambie wewe. Vyote."

Iskra aliwasha taa, akamrudishia aishike, akaanza na breki.